Mtoto 'hajakamilika', si 'hakukamilika'

JE, msomaji, mwanao akikuletea alama 48 kati ya 50, wewe humwuliza nini kwanza? Wengi wetu hapa mjini huuliza, "Na hizo mbili zimeenda wapi?" Tunataka ukamilifu. Lakini neno lenyewe tunalielewa?

Anza na 'kamili', ambalo asili yake ni Kiarabu. Hili ni neno la hesabu. Ukimpa makanga nauli kamili, hana chenji ya kukurudishia. Saa mbili kamili haina dakika ya ziada. Hapo hapana sifa wala lawama. Kitu kimetosha, basi. Ongeza '-fu' na mambo yanageuka. Mtu mkamilifu ni yule asiye na dosari hata moja, na hapo wazee watakukumbusha kwamba kizuri hakikosi ila.

Ulimwengu uliwahi kuonyeshwa ukamilifu kwa tarakimu. Katika michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, Nadia Comaneci wa Romania, msichana wa miaka 14, alipewa alama 10 katika jimnastiki. Ubao wa matokeo ukaandika 1.00, kwani haukuundwa kuonyesha 10.00! Alizipata kumi hizo mara saba. Jambo ambalo halitajwi sana ni kuwa katika mazoezi ya sakafuni, msichana huyo huyo alitoka wa tatu.

Ndugu yake 'kamilifu' ni 'timilifu', litokanalo na kutimia. Nyinyi wanafunzi mnalijua kutoka somo la sarufi: wakati timilifu, ule wa '-me-'. "Mtoto ameoga." Kitendo kimetimia, hata kama matope yangali nyuma ya masikio. Sarufi haimkagui mtu! (Mama atamkagua.)

Sasa kanusha sentensi hiyo. Hatusemi "hakuoga", maana hiyo inamfungia mlango mtoto: jana ilipita na maji yake. Tunasema "hajaoga". Hiyo '-ja-' ina subira ndani yake. Yasema bado, lakini huenda akaoga.

Kwa hivyo ripoti ya shule ikifika nyumbani, zitazame zile alama 48 kwanza, uzitaje kwa sauti, mtoto asikie. Kisha mwambie, "Haya mawili hujayaelewa. Lete daftari tuyaone."