Morogoro: Mlima, Maji na Elimu

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za nchi ya Morogoro, katika Tanzania.

Atokaye mji wa Morogoro kwa njia ya Dodoma hufika Dakawa, nchi tambarare ya mpunga karibu na Mto Wami. Hapo ndipo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya motakaa, tarehe 12 Aprili 1984. Mjini Morogoro kilikuwapo kitivo cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1969; mwaka huo wa msiba kikafanywa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Sokoine.

Mji wenyewe umekaa chini ya milima ya Uluguru. Reli ya Wadachi ilifika hapo mwaka 1907, lakini uhai wa mji ni maji ya mlimani. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima na kunyesha. Msitu huyapokea maji hayo, na ardhi huyaachilia polepole. Ndiyo maana Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam hunywa maji yake, hautegemei mvua ya siku moja.

Waluguru hulima miteremko hiyo, na ardhi yao hurithiwa kwa ukoo wa mama. Karibu na mwaka 1950 serikali ya Waingereza iliogopa kwamba udongo utachukuliwa na mvua, ikawaamuru wachimbe matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, tena bila ujira, na mahali pengi udongo mzuri ulifukiwa, ule mbaya ukawa juu. Mwaka 1955 watu walikataa; ghasia zikatokea Matombo, mtu mmoja akauawa. Amri ikaachwa.

Je, ngazi zilikuwa kosa? La. Baada ya mwaka 2006 wakulima wa Kibungo Juu, katika milima hiyohiyo, walichimba ngazi kwa hiari yao, kwa mapatano kwamba watalipwa kwa kuyatunza maji ya Ruvu. Jembe ni lile lile; tofauti ni kwamba safari hii mwenye shamba aliulizwa.

Basi twaona kwamba elimu ya chuoni na elimu ya mlimani zahitajiana. Ninyi wanafunzi mtakaosoma kilimo, pandeni mlimani mkazungumze na wazee kabla ya kuwafundisha. Kuuliza si ujinga.