Mlinzi wa Geti Naye Atoe Risiti: Maduka ya Programu za Simu na Sisi Wakulima

Leo tuache kidogo viwavijeshi na mbolea, tuzungumzie soko ambalo wengi wetu tunaingia kila wiki bila kujua kanuni zake. Nasema duka la programu lililo ndani ya simu janja, pale unapobonyeza ili upakue WhatsApp, programu ya benki au ya hali ya hewa. Kwa simu nyingi za huku vijijini duka hilo ni Play Store ya Google. Wenye iPhone wanatumia App Store ya Apple.

Najua kuna atakayeuliza, "Bwana shamba, hilo linatuhusu nini sisi?" Linatuhusu sana. Ushauri wa kilimo unazidi kuhamia kwenye simu, na njia ya kuufikisha kwako ina geti. Mwenye geti ndiye anayeamua nani aingie, aingie lini, na akiuza chochote akatwe kiasi gani. Huko Marekani na Ulaya watu wamefikishana mahakamani kwa ajili ya geti hilo. Huku kwetu tunaliona tu pale programu tunayoisubiri isipotokea.

Soko lilivyo na ushuru wake

Apple walifungua duka lao Julai 2008 likiwa na programu kama 500. Google wakafuata Oktoba mwaka huo huo, na jina la Google Play likaja mwaka 2012. Tuseme ukweli, maduka haya yamesaidia. Kijana wa Mbozi mwenye kompyuta moja na bando anaweza kuweka kazi yake leo, kesho ikapakuliwa Namtumbo, Kisumu au Muscat. Hahitaji duka la mjini wala gari la kusambaza.

Kiingilio chenyewe si kikubwa kwa upande wa Google: dola 25, unalipa mara moja tu. Hiyo inakaribia bei ya mfuko mmoja wa mbolea. Apple wanataka dola 99 kila mwaka.

Makato ndiyo yenye kelele. Kiwango kilichozoeleka tangu mwanzo ni asilimia 30 ya mauzo ya vitu vya kidijitali. Mwaka 2021, baada ya malalamiko mengi, kampuni zote mbili zilishusha hadi asilimia 15 kwa wadogo. Kwa Apple, mdogo ni anayeingiza chini ya dola milioni 1 kwa mwaka na kujiandikisha kwenye mpango huo. Kwa Google, ni dola milioni 1 za kwanza za kila mwaka.

Tupige hesabu ya kijijini. Kijana anauza ushauri wa kila mwezi kwa shilingi 2,000, na wakulima 100 wamejiunga. Inaingia 200,000. Kwa asilimia 15 duka linabaki na 30,000, kwa asilimia 30 linabaki na 60,000. Bado hajalipa bando, umeme wala kodi.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kanuni hizo haziwagusi wanaouza bidhaa za kushikika. Ukiuza gunia la mahindi au kilo ya mbegu kupitia programu, duka halikukati kamisheni. Ukiuza maarifa, yaani masomo, ushauri au ramani ya mvua ndani ya programu, hapo unakatwa. Kwa hiyo anayeuza mbolea kwa simu anapita bure, na anayekufundisha kuitumia mbolea hiyo analipa.

Kuidhinishwa: hapo ndipo msimu unapotea

Kila programu mpya, na kila marekebisho yake, hukaguliwa kabla ya kuwekwa dukani. Apple wenyewe husema maombi 9 kati ya 10 hujibiwa ndani ya saa 24. Google husema inaweza kufika siku 7 au zaidi kwa baadhi ya akaunti. Juu ya hapo, tangu Novemba 2023, mtu binafsi anayefungua akaunti mpya kwa Google lazima kwanza apate watu wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20, baadaye wakapunguzwa hadi 12.

Kwenye karatasi mambo hayo yanaonekana madogo. Shambani ni mengine. Msimu mmoja kijana wa kata yetu alitengeneza programu ndogo ya Kiswahili, mimi nikamsaidia upande wa kilimo. Unaandika ukubwa wa shamba lako na tarehe uliyopanda. Inakuambia mbegu kilo ngapi, mbolea mifuko mingapi, na lini uweke ya kukuzia. Basi. Hakuna matangazo, hakuna mkopo, hakuna picha za mtu.

Akaipeleka kwenye duka moja la programu, jina naliacha. Ikarudishwa. Ujumbe ulisema imekiuka kanuni, ila haukusema ni kipengele gani wala ukurasa upi. Kijana akabahatisha, akaondoa ile sehemu ya kujua simu iko wapi. Ikarudi tena kwa maneno yale yale. Akakata rufaa, akapata jibu ambalo hata mimi nisiyejua kompyuta niliona halijaandikwa na mtu aliyesoma barua yake. Safari ya nne akaituma kama ilivyokuwa safari ya tatu, ikapita!

Sasa mahindi hayasubiri rufaa. Mbolea ya kukuzia inataka mahindi yakiwa urefu wa magoti na udongo una unyevu. Programu ilipofika kwenye simu za watu, mashamba mengi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Wakulima wa kikundi walikuwa wananiuliza kila tukikutana, "Ile programu iko wapi?" Nikaishia kuandika vipimo kwenye karatasi ya manila na kuibandika ofisi ya kijiji. Waliopita pale walisoma. Wa vitongoji vya mbali, ambao ndio programu ilitengenezwa kwa ajili yao, hawakusoma.

Lakini geti lisiwepo? Hapana

Wapo wanaosema duka lingeachwa wazi, kila mtu aweke anachotaka. Mimi nakataa, na nitakuambia kwa nini.

Sisi tunajua mbegu feki. Tunajua kiuatilifu kilichochakachuliwa, unapiga mara tatu na mdudu anakuangalia tu. Ndiyo maana kuna TOSCI na lebo yake kwenye mfuko wa mbegu, na kuna TPHPA inayosajili viuatilifu. Kwenye simu uchafu ni mwingi vile vile. Google walisema kwamba mwaka 2023 pekee walizuia programu milioni 2.28 zilizokiuka kanuni zisiingie dukani kwao. Apple walisema mwaka 2022 walikataa maombi karibu milioni 1.7.

Na wakulima wameumia kwa programu za mikopo. Mtu anakopa elfu hamsini ya palizi, akichelewa kidogo, ndugu zake wote waliomo kwenye simu wanapigiwa na kutukanwa. Mwaka 2023 Google walipiga marufuku programu za mikopo binafsi kuchukua namba za simu na picha za mteja. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, kwa Kenya, walianza kudai leseni ya Benki Kuu ya nchi hiyo kabla ya kumruhusu mkopeshaji. Hapa kwetu, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kwa hiyo geti linahitajika, tena linahitaji meno. Ulizeni waliotukaniwa mama mkwe.

Ubishi wenyewe uko wapi

Mkaguzi wa mbegu hana duka la mbegu pembeni ya ofisi, wala haji kuchukua sehemu ya mavuno yako. Mwenye duka la programu ana kofia zote tatu: anakagua, anakusanya ushuru, na anauza bidhaa zake mwenyewe humo humo. Hilo ndilo lililowapeleka mahakamani.

Agosti 2020 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, iliweka njia ya wateja kuilipa moja kwa moja bila kupitia duka. Siku hiyo hiyo Apple na Google wakauondoa mchezo huo, na Epic ikawashtaki wote wawili. Septemba 2021 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California aliipa Apple ushindi kwa sehemu kubwa, ila akaagiza isiwazuie watengenezaji kuwaelekeza wateja kulipia nje. Apple wakaruhusu, kisha wakaweka tozo ya hadi asilimia 27 kwenye mauzo hayo ya nje. Aprili 2025 jaji akasema wamekaidi amri yake. Kwa upande wa Google, baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco liliamua Desemba 2023 kwamba kampuni hiyo imehodhi soko kinyume cha sheria.

Ulaya nao, Machi 2024, waliitoza Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa kuzuia programu za muziki, kama Spotify, kuwaambia wateja kwamba nje kuna bei nafuu. Mwezi huo huo sheria yao mpya iliilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine kwenye iPhone za huko.

Linganisha na kwetu. Ushuru wa mazao ulipokuwa asilimia 5 wakulima tulilalamika, na mwaka 2017 ukashushwa hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Sisemi ni kitu kimoja, maana duka la programu linahifadhi, linasambaza na kupokea malipo. Lakini ushuru wa mazao una sheria, una risiti, na una diwani wa kumuuliza. Kijana wa kata yetu alimuuliza nani?

Ninachodai si kikubwa. Anayekataa programu ataje kipengele na aonyeshe mahali. Rufaa isomwe na binadamu. Na muda wa majibu ujulikane, ili mtu apange kazi yake kama tunavyopanga kupanda. Haya hayamfungulii tapeli mlango hata kidogo, kwa sababu tapeli akiambiwa kosa lake bado ni tapeli.

Kwa sasa tufanye nini

Kwa vijana mnaotengeneza programu za kilimo:

1. Anzeni kiangazi. Kama mvua zenu zinaanza Novemba, akaunti ifunguliwe Juni na majaribio yaishe Agosti. Wajaribuji mnao tayari: kikundi kimoja cha wakulima kina watu zaidi ya 12.
2. Ombeni ruhusa chache. Programu ya kupima mbolea haina kazi na namba za simu za watu. Kila ruhusa ya ziada ni sababu ya kurudishwa.
3. Andikeni sera ya faragha mapema, na muweke kumbukumbu ya kila ujumbe mnaojibiwa. Siku ya rufaa itawasaidia.
4. Msitegemee geti moja. Maarifa yale yale yawe pia kwenye tovuti nyepesi, redio, ujumbe mfupi au menyu ya nyota na reli, ambayo hata simu ya kitochi inaifungua.

Kwa wakulima wenzangu:

1. Kabla ya kupakua, angalia nani ameitengeneza na inaomba nini. Ikikuomba majina yote ya kwenye simu ili ikuambie bei ya maharage, achana nayo.
2. Faili la programu linalorushwa kwenye makundi ya WhatsApp ni sawa na mbegu za mfuko usio na lebo. Zinaweza kuota, zinaweza kukuua njaa. Agosti 2025 Google walitangaza kuwa watadai utambulisho wa mtengenezaji hata kwa programu zinazowekwa nje ya duka lao, wakianza na nchi nne mwaka 2026. Usisubiri wafike kwetu ndipo uwe makini.
3. Programu ikikushauri kiuatilifu, soma lebo ya chupa. Zikitofautiana, fuata lebo, kisha nipigie mimi au afisa ugani wa kata yako.
4. Vipimo muhimu viandike kwenye daftari. Programu inaweza kuondolewa dukani usiku mmoja, na daftari lako litakuwepo asubuhi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye maghala: jinsi ya kujua mahindi yamekauka kabla hujayatia kwenye mifuko. Kazi njema.