Askari Mvuvi na Uchaguzi wa Kamera Ndogo

Likizo ya askari ni fupi na mambo yanayoingojea ni mengi. Hata hivyo, wapo wengi miongoni mwetu, wa jeshi na wa polisi, ambao wakipata siku mbili tatu za kupumzika huchukua mshipi na ndoana wakaelekea majini. Nchi yetu ya Uganda haikunyimwa maji. Tunayo maziwa ya Victoria, Kyoga, Albert, Edward na George, na mto Nile unapita kati ya nchi kama mshipa mkuu wa mwili. Chini ya maporomoko ya Murchison, mahali ambapo mto wote unabanwa katika ufa wa miamba wenye upana wa takriban mita saba, huvuliwa sangara wakubwa ambao wavuvi wa michezo huvuka bahari kuja kuwatafuta. Sangara huyo ndiye wengi hapa kwetu humwita mputa.

Mvuvi arudipo nyumbani, hadithi yake aghalabu huwa ndefu kuliko samaki wake, na wasikilizaji hudai ushahidi. Kwa sababu hiyo wengi wameanza kuuliza ni kamera gani ndogo inayofaa safari ya uvuvi na ambayo mshahara wa askari unaweza kuimudu. Swali hilo lastahili jibu la makini, kwa kuwa anayenunua kwa macho bila kutumia akili hupoteza fedha ya watoto wake.

JE, SIMU HAITOSHI?

Msomaji atauliza: ikiwa kila askari ana simu yenye kamera, ya nini kununua nyingine? Swali ni la haki. Simu nyingi za leo hupiga picha nzuri kushinda kamera ndogo za bei ya chini, na kwa picha za sherehe au za kambini hakuna haja ya chombo kingine. Lakini simu ya askari si kamera tu. Ndani yake mna fedha zake, namba za jamaa zake na njia ya kuitwa kazini. Ikizama ziwani, haizami picha peke yake. Isitoshe, kioo cha simu hakitii vidole vilivyolowa maji na utelezi wa samaki, na watengenezaji wengi, hata wale wanaotangaza kwamba simu zao hustahimili maji, hawakubali kulipia hasara iliyoletwa na maji.

Asiye na uwezo wa kununua kamera asivunjike moyo. Ipo mifuko ya plastiki ya kuzuia maji inayofungwa kwa kubana, ambayo simu hutiwa ndani yake na picha ikapigwa kupitia plastiki hiyo. Kabla ya kuutumia mfuko huo, tia ndani yake karatasi laini kavu, uzamishe katika karai la maji kwa muda wa nusu saa, kisha uikague karatasi. Ikiwa imelowa hata kidogo, mfuko huo haufai.

MAJI NDIYO ADUI WA KWANZA

Kwa yule aliyeazimia kununua kamera, sifa ya kwanza ya kutazamwa ni jinsi inavyozuia maji. Hapa wauzaji huchanganya mambo mawili. Kuna kamera inayostahimili matone ya mvua, na kuna kamera inayoweza kuzamishwa. Viwanda hutumia kipimo cha kimataifa kinachoanza kwa herufi IP. Tarakimu ya mwisho ndiyo ya maji: 4 maana yake ni marasharasha tu, 7 maana yake ni kuzama hadi mita moja kwa nusu saa, na 8 maana yake ni kuzama zaidi ya hapo, kwa kina anachokitaja mtengenezaji mwenyewe. Mvuvi asikubali chini ya 7.

Lakini namba hizo zisitudanganye. Kamera iliyoandikwa kwamba huzama mita 15 haitakufaa ikikuponyoka katikati ya Ziwa Victoria, ambalo kina chake cha wastani ni kama mita 40 na mahali penye kina kirefu hufikia takriban mita 80. Kwa hiyo nunua pamoja nayo kamba ya mkononi yenye boya la kuelea. Bei yake ni ndogo, nayo huokoa kamera nyingi kuliko namba yoyote iliyochapishwa kwenye sanduku.

Sifa ya pili ni kustahimili kuanguka. Sakafu ya mashua ni ngumu, na mawimbi hayana heshima. Kamera nyingi za aina hii hustahimili kuanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu hadi mbili. Chagua pia ile ambayo lenzi yake imefichwa ndani ya mwili wa kamera. Lenzi inayotokeza mbele kila kamera inapowashwa hunasa mchanga na magamba, na ikigongwa mara moja haifunguki tena.

MWANGA NA UKUBWA WA PICHA

Samaki hukubali chambo zaidi alfajiri na jioni, wakati mwanga ni haba. Kwa hiyo tazama namba iliyoandikwa kuizunguka lenzi. Namba hiyo ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa. Lenzi ya 2.0 hupitisha mwanga takriban mara nne ya lenzi ya 4.0, na tofauti hiyo ndiyo huamua kama picha ya alfajiri itakuwa safi au yenye ukungu na kutikisika.

Kuhusu wingi wa nukta za picha, yaani megapikseli, usibabaishwe. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha inayoweza kuchapwa vizuri kwa ukubwa wa sentimita 34 kwa 25, nayo ni kubwa kuliko picha nyingi tunazotundika ukutani. Vilevile tofautisha uwezo wa lenzi yenyewe wa kuvuta kitu cha mbali na ule unaofanywa kwa hesabu za ndani ya mashine. Huu wa pili hukata tu kipande cha picha na kukikuza, jambo ambalo waweza kulifanya mwenyewe baadaye bila kulilipia.

ZILIZOKO SOKONI

Uchaguzi umepungua. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha zaidi ya kamera ndogo milioni 100 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni mbili, kwa sababu simu zimelichukua soko hilo. Kampuni kadhaa zimeacha kabisa kutengeneza baadhi ya aina.

Miongoni mwa zile za kuzamishwa majini, yenye sifa nyingi ni Tough TG-6 ya Olympus, iliyotoka mwaka 2019, na mdogo wake TG-7 ya OM System, iliyotoka mwaka 2023. Zote mbili zina megapikseli 12, lenzi ya 2.0, na huzama hadi mita 15. Tatizo ni bei: TG-7 ilipoingia sokoni iliuzwa kwa karibu dola 550 za Kimarekani, nazo si fedha za mchezo kwa askari wa kawaida. Anayetaka nafuu atazame Kodak PIXPRO WPZ2, yenye megapikseli 16, inayozama hadi mita 15 na kustahimili kuanguka kimo cha mita mbili. Bei yake imekuwa chini ya nusu ya ile ya TG-7. Picha zake za mwanga hafifu si nzuri kama za mwenzake, lakini mchana zinatosha.

Wapo pia wazee walio imara wanaopatikana kama mitumba: Nikon Coolpix W300 ya mwaka 2017, inayozama hadi mita 30, na Fujifilm XP140 ya mwaka 2019, inayozama hadi mita 25. Ukinunua mtumba, fungua mlango wa betri uukague mpira wake kwa kidole. Ukiwa umepasuka, umekauka au umelegea, kamera hiyo si ya majini tena, hata muuzaji aape vipi. Tazama kama kuna ukungu nyuma ya kioo cha lenzi. Piga picha ya ukuta mweupe uone kama kuna madoa. Mwisho, dai risiti.

Na bei ya kamera si gharama yote. Piga hesabu ya kadi ya kumbukumbu, betri ya akiba na kamba ya kuelea. Kadi za bandia ni nyingi madukani: huandikwa ukubwa zisiokuwa nao, na picha za mwisho hupotea. Ijaze kadi mpya kwa picha za majaribio ukiwa nyumbani kabla ya kuiamini safarini. Usikope kwa riba kwa ajili ya chombo cha starehe. Subiri mwezi mmoja au miwili, samaki hawahami.

KUITUNZA

Kamera ya majini huuawa zaidi na mwenyewe kuliko na ziwa. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga kwenye mpira wa mlango hutosha kupitisha maji. Usiufungue mlango ukiwa ndani ya mashua au mikono ikiwa mibichi. Ukirudi, isuuze kamera kwa maji safi mlango ukiwa umefungwa, ifute, iache ikauke kivulini, ndipo uifungue. Askari aliyezoea kusafisha silaha yake kila jioni hahitaji kufundishwa nidhamu hii mara mbili.

PICHA YENYE USHAHIDI

Jua la mchana katika nchi ya ikweta huwa utosini, na uso wa mvuvi aliyevaa kofia hugeuka kuwa kivuli kitupu. Washa mwako wa kamera hata mchana; utaufungua uso huo. Mshike samaki mkubwa kwa ulalo, mkono mmoja ukilitegemeza tumbo lake, na kama unataka kumrudisha majini, kila kitu kiwe tayari kabla hajatolewa ili asikae hewani muda mrefu.

Ndugu zetu wa polisi wanajua kwamba picha ya tukio isiyo na kipimo ni nusu ya ushahidi. Sheria hiyo ni hiyohiyo kwa samaki. Mlaze kando ya utepe wa kupimia. Shirikisho la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, lililoundwa mwaka 1939, huwataka wanaodai rekodi wapeleke picha zinazoonyesha urefu wote wa samaki, fimbo iliyotumika na mizani. Rekodi ya sangara inayotambuliwa na shirikisho hilo ni ya samaki wa kilo 104 aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Asiye na mizani anaweza kukadiria uzito hivi: zidisha urefu kwa mzingo wa mwili, zidisha tena kwa mzingo huohuo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 29,000. Samaki wa urefu wa sentimita 100 na mzingo wa 65 atakuwa na uzito wa kama kilo 14 na nusu.

Utepe huo una kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Sangara aliye chini ya sentimita 50 na ngege aliye chini ya sentimita 28 hawaruhusiwi kuvuliwa katika nchi yetu. Mwaka 2017 wanajeshi walipewa jukumu la kusimamia sheria hizo kwenye maziwa, na wananchi wengi walinyang'anywa nyavu na mitumbwi. Sasa fikiri picha ya askari anayetabasamu akiwa ameshika sangara mchanga. Picha hiyo si kumbukumbu, ni shtaka, na itamfedhehesha mwenzake aliyesimama doria usiku kucha akiwazuia wengine.

USALAMA KABLA YA PICHA

Kwanza ni usalama wa roho. Vaa koti la kujiokolea hata kama unajua kuogelea. Asisimame mtu ndani ya mtumbwi ili apige picha, na watu wote wasiegemee upande mmoja kumtazama samaki. Ukingoni mwa Nile tazama kwanza mamba na kiboko, ndipo utazame kioo cha kamera. Ndani ya hifadhi ya Murchison, kata kibali cha kuvua kwa Mamlaka ya Wanyamapori.

Pili ni usalama wa kazi yetu. Kamera na simu nyingi huandika ndani ya picha, bila kuonekana kwa macho, mahali hasa ilipopigwa. Jeshi la Marekani lilieleza mwaka 2012 kwamba, nchini Iraki mwaka 2007, askari wake walipiga picha za helikopta mpya zilipowasili kambini na kuzitangaza kwenye intaneti. Adui alizisoma alama za mahali zilizokuwemo, akarusha makombora na kuharibu helikopta nne aina ya Apache. Hawakuwa wasaliti, walikuwa vijana waliofurahia kuona kitu kipya. Kwa hiyo zima alama hiyo kabla ya kuondoka nyumbani. Usipige picha ukiwa umevaa sare, wala usiruhusu boti ya doria, kituo, daraja au bwawa la umeme kuonekana nyuma ya samaki wako. Kule Jinja, ambako mvuvi huwa karibu na bwawa la Nalubaale, geuza mgongo wako uelekee maji matupu.

Kwa muhtasari: anza na maji, fuatisha lenzi, kisha bei pamoja na viambatanisho vyake. Kamera ya wastani iliyo mikononi mwa mtu mwenye nidhamu hushinda ya gharama iliyo mikononi mwa mzembe. Nunua kwa kadiri ya mfuko wako, itunze kama utunzavyo silaha yako, na kabla ya kubonyeza jiulize kama picha hiyo ungeweza kumwonyesha mkuu wako bila kuinamisha uso. Ikiwa jibu ni ndiyo, bonyeza.