Wiki za Kwanza si Hasara

Kila Januari, shule za Tanzania zifunguliwapo, twawasikia wazazi wakinung'unika: wiki mbili zimepita, na daftari la mtoto wa darasa la kwanza lingali jeupe. Wazazi wenzetu, tusiharakishe kumlaumu mwalimu. Tangu ada na michango ilipoondolewa mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika. Asiyetangulia kuwafunza watoto kupanga mstari, kunyosha mkono kabla ya kusema, na kukaa kila mmoja mahali pake, hatasikiwa afunzapo herufi. Wiki hizo ndizo msingi. Nasi yatupasa tumsaidie: mtoto alale mapema baada ya sala ya Isha, mkoba wake uwe tayari tangu usiku, na afike kabla ya kengele. Samaki mkunje angali mbichi.