Dhana ya "Kupasha Moto Injini": Ufafanuzi wa Vitendo Vitatu Vyenye Jina Moja, kwa Mfano wa Mbweni, Unguja

1.0 Utangulizi

Asubuhi za Mbweni, kusini mwa mji wa Zanzibar, si ajabu kulikuta gari likiunguruma uani kwa dakika kumi kabla ya kuondoka. Mwenye gari akiulizwa sababu, hujibu kwamba anaipasha moto injini. Jibu hilo huonekana kamili, lakini ndani yake mna vitendo vitatu vyenye sababu na mahitaji tofauti. Makala hii inavitenganisha vitendo hivyo na kuonesha kipi kinahitajika Unguja na kipi hakihitajiki. Suala hili lina uzito wake Mbweni, ambako ndiko iliko Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia: fundi anayefunzwa hapa huenda kesho akahudumia magari ya Makete au ya Kanada, ambako kuchanganya vitendo hivi humwacha msafiri njiani.

2.0 Maana ya Baridi kwa Injini

Ni lazima kwanza kutofautisha baridi ya hewa na baridi ya injini. Injini nyingi hufanya kazi vizuri maji yake yakifikia nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Kwa kipimo hicho, injini iliyolala usiku kucha Mbweni wakati wa kipupwe, hewa ikiwa nyuzi 22, nayo ni baridi. Hata hivyo, katika joto hilo oili bado ni nyepesi, petroli hugeuka mvuke kwa urahisi, na betri ina nguvu zake zote.

Hewa inaposhuka chini ya sifuri, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Oili huwa nzito, hivyo stata hulazimika kutumia nguvu zaidi kuizungusha injini. Betri hudhoofika, kwa kuwa mmenyuko wa kikemikali ndani yake hupungua kasi. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Aidha, petroli hukataa kugeuka mvuke, na dizeli huanza kutoa chembe za nta zinazoziba chujio. Yaani, mzigo wa stata huongezeka wakati uleule ambapo nguvu ya kuubeba inapungua.

3.0 Vitendo Vitatu

3.1 Kutanguliza joto

Kitendo hiki ni cha injini za dizeli, na hufanyika kabla ya kupiga stata. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda. Kuta za silinda zikiwa baridi hulinyonya joto hilo, na mafuta hayawaki. Kwa sababu hiyo, plagi za hita hupasha chumba cha mwako kwa umeme wa betri. Dereva hufungua swichi, husubiri taa yenye umbo la waya uliosokotwa izimike, ndipo hupiga stata. Mbweni taa hiyo huzimika upesi. Katika uwanda wa Kitulo, ambako sakitu huanguka mwezi Juni na Julai, huchukua muda zaidi.

3.2 Kupasha bloku

Hapa injini nzima hupashwa ikiwa imezimwa. Hita ya umeme huwekwa ndani ya maji ya kupozea na kuunganishwa na umeme wa nyumba kwa saa chache kabla ya safari. Katika miji kama Winnipeg, maegesho mengi yana soketi kwa kazi hiyo. Kifaa hiki hulainisha oili na kuipunguzia stata mzigo. Unguja hakina kazi.

3.3 Kutembeza oili

Kitendo cha tatu hufanyika baada ya injini kuwaka. Gari likilala, oili hushuka chini ya injini. Likiwashwa, pampu huipandisha tena hadi sehemu za juu. Katika joto la Mbweni, nusu dakika inatosha. Baada ya hapo, kuendesha taratibu huipasha injini haraka kuliko kuiacha iungurume, kwa kuwa injini isiyo na mzigo huzalisha joto kidogo.

4.0 Chimbuko la Mazoea na Gharama Zake

Mazoea ya kusubiri muda mrefu hayakuzuka bure. Gari la kabureta lilitegemea choki iliyovutwa kwa mkono, na likiondoka mapema lilizimika njiani. Magari ya sindano za mafuta hayana tatizo hilo: kihisio hupima joto la maji, na kompyuta hurekebisha kiasi cha petroli. Sababu imeondoka, mazoea yamebaki.

Gharama yake haiishii kwenye mafuta yanayoteketea bure. Injini baridi hupewa petroli ya ziada; sehemu yake isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuchuruzika chini, ikaifanya oili kuwa nyepesi kupita kiasi. La hatari zaidi ni moshi: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua katika banda lililofungwa, liwe la Unguja au la Ulaya.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba msemo "kupasha moto injini" unabeba vitendo vitatu: kutanguliza joto, kupasha bloku na kutembeza oili. Mbweni, kitendo cha kwanza ni cha sekunde chache kwa dizeli, cha pili hakihitajiki, na cha tatu humalizika ndani ya nusu dakika. Inapendekezwa kwamba ufundishaji wa ufundi wa magari kwa Kiswahili ukipe kila kitendo jina lake, kwani mwanafunzi anayejua kinachopashwa moto ni chumba, bloku au oili ataweza pia kujua ni wakati gani hapana haja ya kupasha chochote.