Baada ya Cheti, Nini? Kupima Matunda ya Mafunzo ya Ufundi kwa Vijana Wetu



Mahafali ya mafunzo ya ufundi ni sherehe inayofahamika katika parokia zetu nyingi. Misa ya shukrani huadhimishwa, vijana huvaa sare za fani zao, vyeti hutolewa, na mgeni rasmi hutangaza idadi ya wahitimu. Taarifa ya mwaka nayo huishia hapo: wahitimu wangapi, vyerehani vingapi, shilingi ngapi. Kisha tunashukuru na kutawanyika.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kubariki nyumba ya binti mmoja wa kigango chetu, mhitimu wa ushonaji. Tulipouliza habari za cherehani alichokabidhiwa siku ya mahafali, mama yake aliinamisha uso. Kilikuwa kimeuzwa miezi mitatu tu baadaye, ili kulipia matibabu ya baba. Hata hivyo, katika kumbukumbu za parokia binti yule alikuwa bado anahesabiwa miongoni mwa mafanikio yetu. Hakuna aliyesema uongo; ila hakuna aliyerudi kuuliza.

Kutathmini mafunzo, basi, ni kurudi kuuliza. Na maswali ya msingi ni matatu.

Swali la kwanza: kijana huyu angekuwa wapi kama asingepata mafunzo? Kijana asiye na kazi akiwa na miaka 19 huenda akaipata akiwa na miaka 22 hata bila msaada wetu, kwa maana umri, ndugu na majukumu humsukuma. Tukijisifia kila mhitimu mwenye kazi, twaweza kujipatia sifa isiyo yetu. Kwa sababu hiyo watafiti huwalinganisha waliopata mafunzo na wenzao wanaofanana nao ambao hawakupata. Mara nyingi, waombaji wanapozidi nafasi zilizopo, kura hupigwa, na makundi yote mawili hufuatiliwa. Wapo wanaoona ni ukatili kuwapigia maskini kura. Lakini tujiulize kwa unyofu: je, kuzigawa nafasi chache kwa kujuana ndiyo haki zaidi?

Swali la pili: matunda yanadumu kwa muda gani? Majirani zetu wa Uganda wanatupatia somo. Mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo ilivialika vikundi vya vijana wa kaskazini, eneo lililokuwa likitoka katika vita, kuomba ruzuku ya kujifunza ufundi na kununua vifaa. Kati ya vikundi 535 vilivyostahili, 265 vilichaguliwa kwa kura. Baada ya miaka minne, kipato cha waliopata ruzuku kilikuwa juu ya kile cha wenzao kwa takriban asilimia 38. Laiti tathmini ingeishia hapo, wote wangeshangilia. Watafiti walirudi tena baada ya miaka tisa, wakakuta wale waliokosa ruzuku wamewafikia wenzao kwa kipato, ingawa waliopata walikuwa bado na mali zaidi na wengi zaidi wao walifanya kazi za ufundi. Msaada ule haukupotea bure, kwa kuwa uliwavusha vijana miaka migumu mapema zaidi. Lakini haukuwa ahadi ya maisha yote.

Utafiti mwingine nchini humo, ulioanza mwaka 2012, uliwalinganisha vijana waliosoma ufundi chuoni kwa miezi sita na wale waliojifunza kazini kwa mwajiri. Makundi yote mawili yalinufaika. Lakini kadiri miaka ilivyopita, wa chuoni waliendelea vizuri zaidi. Walipopoteza kazi waliipata nyingine kwa wepesi, kwa kuwa cheti chao kilimthibitishia mwajiri mgeni ujuzi wao. Aliyefunzwa kazini ujuzi wake ulijulikana hasa na yule aliyemfunza.

Swali la tatu: tunapima nini? Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na utu wa yule anayeifanya. Kwa hiyo kipato ni lazima kipimwe, lakini hakitoshi. Tuulize pia: je, binti anaheshimiwa na kulipwa kwa haki pale anapofanya kazi? Je, kijana anashirikishwa sasa katika maamuzi ya nyumbani? Je, ugonjwa mmoja ukiingia katika familia, utammalizia vyote alivyonavyo?

Hatuhitaji wataalamu kutoka mbali ili kuanza. Kila parokia yenye mafunzo ifungue daftari la wahitimu, na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwatembelee baada ya miezi sita, mwaka mmoja na miaka mitatu. Waandikwe pia walioacha masomo njiani, maana hao ndio wanaojua kasoro zetu. Mafunzo yamfikishe kijana kwenye cheti kinachotambulika hata nje ya parokia. Na anayekabidhiwa cherehani aunganishwe na kikundi cha kuweka na kukopa, ili siku ya shida asiuze chombo chake cha kazi.

Injili ya Luka inatusimulia juu ya mtini usiozaa. Mwenye shamba alikuja kutafuta matunda asiyaone. Mtunzaji hakumficha ukweli, bali aliomba mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutilia mbolea. Ndivyo tathmini ya Kikristo inavyopaswa kuwa: kuutazama mti kwa ukweli, kisha kushika jembe.

Binti yule sasa anashona kwa cherehani cha kukodi. Jina lake ndilo la kwanza katika daftari letu jipya.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.