Ramani ya Vidole na Fimbo

Tuseme mzee jirani yako haoni. Kila asubuhi mjukuu wake humshika mkono wakaenda kisimani, kisha dukani. Mtoto huchelewa shule, na siku nyingine haendi kabisa. Mzee naye hapendi kuongozwa kama mbuzi. Je, hakuna njia nyingine? Ipo. Vitu viwili vitamsaidia: ramani ya kusomwa kwa vidole, na fimbo.

Tuanze na ramani. Chukua ubao mdogo au kipande cha boksi gumu. Keti na mzee mwenyewe. Usichore bila yeye. Muulize anajuaje kuwa amefika njia panda. Pengine atakutajia mambo ambayo wewe hukuyafikiria: mlio wa mashine ya kusaga, harufu ya zizi, mahali njia inapoanza kuteremka. Mwenye macho huchora anayoyaona, lakini ramani hii si yake.

Chora njia kwa mkaa. Juu ya mstari huo bandika kamba ya katani kwa gundi. Nyumba iwe punje ya hindi, kisima kiwe kizibo cha soda, njia panda iwe kijiwe. Vitu visisongamane, maana kidole hakiwezi kutenganisha vitu vilivyogusana. Mti usiomsaidia mzee uache. Kisha kata pengo dogo ukingoni, upande wa mlango wa nyumba yake. Akisimama mlangoni kutoka nje, pengo likae kifuani kwake. Hapo kulia kwa ramani kutakuwa kulia kwake.

Sasa fimbo. Fimbo ya asiyeona si ya kuegemea. Ncha ikigonga chini, fimbo hutetema, na mtetemo huo hupanda hadi mkononi. Udongo mgumu, mchanga, majani na mawe, kila kimoja hutetema kwa namna yake. Kwa hiyo fimbo iwe nyepesi na ngumu. Mwanzi unafaa. Ukivisha ncha mpira mnene, mtetemo hupungua. Ipakwe rangi nyeupe ili madereva waione.

Urefu wake ufike kifuani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Richard Hoover wa Marekani aliwafundisha askari waliopofuka kutumia fimbo ndefu namna hiyo. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha huguswa chini upande wa kushoto. Mguu wa kushoto ukienda, ncha huguswa kulia. Hivyo mahali pa kukanyaga huwa pamekwisha pimwa. Mzee asiikaze fimbo, maana mkono uliokaza hausikii vizuri.

Ramani na fimbo viunganishwe. Mwaka 1967, katika mji wa Okayama, Japani, yaliwekwa njiani matofali yenye vinundu, yaliyobuniwa na Seiichi Miyake, ili wasioona wayatambue kwa miguu na kwa fimbo. Kijijini kokoto zinatosha. Tandazeni mstari wa kokoto kukata njia, hatua mbili kabla ya njia panda. Fimbo ikikwaruza hapo, mzee atajua amefika penye kijiwe cha ramani yake. Kisima kisicho na ukingo kijengewe ukingo kwanza.

Siku hizi zipo simu zinazotetema kumwonyesha mtu mahali pa kugeuka. Mjini zinasaidia. Lakini simu huweza kukosea mita kadhaa, na haioni shimo lililochimbwa jana. Fimbo isiachwe nyumbani.

Siku za kwanza mfuateni nyuma, hatua chache, mkinyamaza ila pakiwa na hatari. Akipotea kidogo, mwacheni aguse ramani na kutafuta mwenyewe. Na baada ya mvua kubwa kagueni kokoto, maana maji huzihamisha.